Deni Lilifutwa, Idjwi Haikuambiwa

Tarehe 1 Julai 2010, siku moja baada ya Kongo kutimiza miaka 50 ya uhuru, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, zilitangaza kwamba nchi yetu imetimiza masharti ya mpango wa kusamehe nchi maskini zenye madeni makubwa. Msamaha wote ulikuwa wa dola bilioni 12.3. Novemba mwaka huohuo nchi tajiri zilizokuwa zikitudai, za Klabu ya Paris, zikakamilisha sehemu yao kwa kufuta zaidi ya dola bilioni 7. Deni la nje lililokuwa karibu dola bilioni 14 likabaki karibu bilioni 3. Tangu uhuru, Kongo haikuwahi kutuliwa mzigo mkubwa kama ule.

Sasa panda boti Bukavu, uende kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu. Shuka Monvu, au endelea mpaka Bugarula kwenye ofisi za teritwari, ukaulize ni kitu gani kilichojengwa, kilichonunuliwa au kilichopunguzwa bei kwa sababu ya siku ile. Utaonyeshwa shule iliyojengwa na parokia, kituo cha afya kilichoezekwa na shirika fulani, bomba la maji ambalo mfadhili wake aliondoka zamani. Kwa deni lililofutwa hutaonyeshwa kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia watu wa kisiwa hiki kwamba katika zile bilioni 12 palikuwa na chao, ni kiasi gani, na kimepitia mlango gani.

Ninaamini kusamehewa deni ni haki ya Wakongomani, na ninaamini pia kwamba tunastahili msaada wa kujenga upya nchi iliyovunjwa na vita vya miaka 30. Lakini haki hiyo haijawahi kumfikia mwenyewe, maana haijawahi kutajwa mbele yake kwa kiasi na kwa mahali. Wakati huu ambapo ahadi mpya za mabilioni zinatolewa kwa ajili ya mashariki ya Kongo, jambo hili ndilo linalonitia hofu kuliko mengine yote.

Tukumbuke kwanza deni lile lilitoka wapi. Sehemu kubwa ilikopwa na utawala wa Mobutu katika miaka ya 1970, wakati shaba ilipokuwa na bei na mabenki ya Ulaya na Marekani yalipokuwa na fedha tele za kukopesha. Kikajengwa kiwanda cha chuma cha Maluku, karibu na Kinshasa, ambacho hakikuwahi kufanya kazi kwa uwezo wake. Ikavutwa laini ya umeme kutoka Inga mpaka mkoa wa Shaba (Katanga), zaidi ya kilomita 1,700, ikakamilika 1982, ikapita juu ya vichwa vya wanakijiji ambao usiku huwasha koroboi mpaka leo.

Wakopeshaji walijua. Mwaka 1978 IMF ilimtuma Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, akae ndani ya Benki Kuu ya Zaire na kudhibiti matumizi. Hakukaa muda mrefu. Ripoti aliyoiandika 1982 iliwaeleza waziwazi kwamba ufisadi ndio ulikuwa mfumo wenyewe wa utawala, na kwamba wasitegemee kurudishiwa fedha zao. Pamoja na onyo hilo mikopo haikukoma, kwa sababu Mobutu alikuwa rafiki wa nchi za Magharibi katika vita baridi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mwaka 2010 tulipewa sadaka. Aliyekopesha huku akijua fedha zinaibwa ameshiriki kosa, na hasara ni yake pia.

Na wapo ambao hawakukubali kuibeba hasara hiyo. Kampuni ya Energoinvest ya Sarajevo ilikuwa inaidai Kongo fedha zilizotokana na kazi za umeme za enzi hizohizo. Dai lake likanunuliwa na FG Hemisphere, mfuko wa Marekani unaofanya biashara ya madeni yaliyoshindikana, likakua kwa riba mpaka kupita dola milioni 100. Mfuko huo ulitufuata hadi Hong Kong, ukitaka kukamata fedha ambazo makampuni ya China yalipaswa kuilipa Kongo kwa ajili ya mgodi wa Sicomines. Juni 2011 mahakama ya juu ya Hong Kong ikasema serikali ya Kongo ina kinga. Ukaenda kisiwa cha Jersey kutaka mali ya Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, na Julai 2012 majaji wa Baraza la Malkia mjini London wakakataa, wakasema Gécamines na serikali si kitu kimoja. Tuliokolewa na vifungu vya sheria. Kama majaji wangeamua vingine, mtoto aliyezaliwa Idjwi mwaka 2012 angekuwa analipia nyaya zilizovutwa enzi za Mobutu.

Yapo maelezo mengine ambayo Kinshasa haikupenda kuyasema kwa sauti. Sehemu kubwa ya deni lililofutwa ilikuwa malimbikizo: mikopo ambayo Zaire iliacha kulipa zamani, pamoja na riba na adhabu zake. Ukisamehewa kitu ambacho ulikuwa hukilipi, mfuko wako haujazi. Unapata jina safi, unapata nafasi ya kukopa tena. Ilivyotangazwa, watu wa mijini walielewa kwamba dola bilioni 12 zimeingia nchini na zimeliwa, na hasira hiyo ipo mpaka sasa. Fedha zilizookolewa kweli, zile ambazo zingelipwa kila mwaka tangu 2003 tulipoanza kunufaika na mpango huo, zilikuwa kidogo sana kuliko hizo. Lakini zilikuwepo. Na ni hizo ambazo hatukuonyeshwa.

Jirani zetu walipita njia hiyohiyo mbele yetu. Tanzania ilisamehewa 2001, na mwaka huohuo ikafuta karo ya shule za msingi; wanafunzi waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000 wakapita milioni 7 kabla ya miaka mitano kwisha. Madarasa yalifurika, walimu walikuwa wachache, na ubora ulishuka, hayo ni kweli. Lakini mzazi wa Kigoma au Lindi alijua kilichotokea. Sisi tulingoja mpaka Septemba 2019 elimu ya msingi ianze kutolewa bure, ingawa Katiba ya 2006 ilikwisha kuiahidi. Ilipoanza ikahitaji mkono mpya wa Benki ya Dunia, dola milioni 800 zilizoidhinishwa 2020 kwa ajili ya elimu. Katika miaka 9 kati ya msamaha na madarasa ya bure, mzazi wa Idjwi aliendelea kulipa minervali na primu ya mwalimu kwa franga za kahawa na nanasi.

Uganda ndiyo inayonivutia zaidi. Ilikuwa nchi ya kwanza kufaidi mpango huo, mwaka 1998, na fedha iliyookoa ikaiweka katika mfuko wake wa pekee wa kupambana na umaskini, ili isipotee ndani ya matumizi mengine ya serikali. Kabla ya hapo uchunguzi wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulikuwa umegundua jambo la kutisha: kati ya 1991 na 1995, katika ruzuku ambazo serikali ilizituma kwa shule za msingi, shule zilipata asilimia 13 tu. Zilizobaki zilikwamia wilayani. Serikali ya Kampala ikaanza kuchapisha kiasi kinachotumwa katika magazeti, na shule zikatakiwa kubandika mlangoni tangazo la kile kilichopokelewa. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Wataalamu wamebishana kuhusu mchango wa magazeti peke yake, kwa kuwa palikuwa na mageuzi mengine pia. Nakubali ubishi huo. Hata hivyo karatasi ile ya mlangoni ilimpa mzazi asiye na cheo neno la kumwambia mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu neno la kumwambia ofisa wa wilaya: imeandikwa hivi, mbona imefika hivi?

Kwetu Idjwi watu hawahitaji kufundishwa jambo hili na Kampala. Nenda Jumapili alasiri kwenye mkutano wa MUSO, ile mutuelle ya akina mama ambayo imeenea katika vijiji vingi vya Kivu Kusini. Utaona wamekaa kwenye mikeka au vibao, daftari mbele, na makasha matatu. La kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama. Jekundu ni la shida: msiba, ugonjwa, mama aliyeshikwa na uchungu usiku. La tatu, la bluu, ni la fedha zilizotoka nje, mkopo wa benki au pesa ya shirika. Fedha za nje haziruhusiwi kuingia kasha la kijani, na hakuna anayezigusa kabla hazijahesabiwa kwa sauti, noti kwa noti, na mwenye daftari kuziandika wote wakisikia. Mama asiyejua kusoma anashika tarakimu kichwani, na mkutano unaofuata ndiye wa kwanza kuuliza. Serikali inayosimamia mabilioni haijafikia nidhamu hii ya akina mama wanaosimamia franga za unga.

Na watu hawa wanalijua deni. Mkulima wa kahawa akibanwa na ada ya shule au dawa, humwendea mchuuzi na kuuza mavuno yakiwa bado maua kwenye mti. Anapewa fedha leo, na wakati kahawa inaiva bei ilikwisha kukatwa, chini ya ile ya soko. Mwaka ukiwa mbaya, deni linavuka kwenda msimu wa pili. Hakuna Klabu ya Paris ya kumsamehe. Kwa miaka mingi, ili apate bei ya haki kidogo, alipakia magunia kwenye mtumbwi usiku na kuvuka ziwa kwenda kuuza Rwanda. Wengi hawakurudi. Ziwa Kivu likichafuka usiku halina huruma, na Idjwi ina wajane wa kahawa ambao kila mtu kisiwani anawajua kwa majina.

Kitu kilichopunguza vifo hivyo ni cha kuonekana kwa macho. Ni vyama vya ushirika kama CPNCK, na kazi ya Rebuild Women's Hope pamoja na wakulima wanawake, vilivyoweka vituo vya kuoshea kahawa kisiwani. Msimu wa mavuno mkulima anapeleka kahawa mbivu, nyekundu, ile iliyochumwa asubuhi. Inapimwa mbele yake kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye kikaratasi, na kikaratasi kinabaki mkononi mwake. Fedha za nje ziliingia hapa, sikatai: wanunuzi wa Ulaya na Marekani, wafadhili, mikopo ya kununulia mavuno. Zilifanya kazi kwa sababu kila mkulima alikuwa na karatasi yake.

Linganisha na vile vibao vya bati vya miradi vinavyosimama kando ya barabara zetu, kuanzia Kavumu mpaka Kalehe na kwenye gati za ziwa. Vina bendera ya mfadhili, nembo ya shirika linalotekeleza, jina refu la mradi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mara nyingi utatafuta kiasi cha fedha usikione. Mwandishi wa bango alipata nafasi ya nembo nne, akakosa nafasi ya tarakimu moja.

Idjwi ina msiba wake wa pekee katika mambo ya misaada. Vita vilipoteketeza Masisi, Walikale, Kalehe na Fizi, kisiwa kilibaki na amani kuliko sehemu nyingi za Kivu. Mwaka 1994 kilipokea maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, na katika miaka iliyofuata kikapokea ndugu zetu wa nchi kavu kila walipokimbia. Lakini misaada hufuata mlio wa bunduki. Palipo na amani na njaa, magari meupe hayaendi. Watu wa Idjwi wamewahi kuadhibiwa kwa sababu hawakuuana, na huo ni upotovu ambao wafadhili wanapaswa kuusahihisha wao wenyewe.

Tusiwalaumu wageni peke yao. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa mkoani yabaki mkoani, yakatwe palepale kwenye chanzo. Kifungu cha 181 kinaunda mfuko wa kusawazisha maendeleo kati ya mikoa, nao upewe asilimia 10 ya mapato ya taifa. Katiba hiyo ilitangazwa Februari 2006. Asilimia 40 haijawahi kukatwa kwenye chanzo. Mikoa hupokea kile ambacho Kinshasa imependa kuituma, siku ilipopenda, na kikitoka Bukavu kwenda kwenye teritwari kinakuwa kimekonda zaidi. Mwaka 2021 IMF iligawa fedha za akiba kwa nchi zote wanachama, Kongo ikapata karibu dola bilioni 1.5, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye mpango wa maendeleo wa teritwari 145. Idjwi ni moja ya hizo 145. Wazo la mpango lilikuwa zuri, nililiunga mkono na bado naliunga mkono: shule, vituo vya afya, majengo ya utawala katika kila teritwari. Lakini mwananchi wa Bugarula alipaswa kukuta kwenye ukuta wa ofisi karatasi inayosema: teritwari ya Idjwi imetengewa hivi, mkandarasi amelipwa hivi, kazi imefika hapa.

Kisha ukaja mwaka 2025. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Mabenki yakafunga milango, na mwalimu mwenye mshahara kwenye akaunti akalazimika kuvuka mpaka kuutafuta, au kumwachia wakala wa simu sehemu yake ili apate noti mkononi. Wiki hizohizo Marekani, ambayo mwaka 2024 ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya fedha zote za misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ikasimamisha misaada yake. Umoja wa Mataifa uliomba dola bilioni 2.54 kwa Kongo mwaka huo na haukupata hata nusu.

Nawasikia wenzangu wanaosema heri imekatika, sasa tutajifunza kujitegemea. Ni watu wenye nia njema, na uchungu wao dhidi ya utegemezi nauelewa. Lakini mwanamke aliyebakwa ana saa 72 za kupata dawa ya kumkinga na VVU. Dawa ikikosekana kwenye kituo cha afya siku hiyo, hakuna falsafa ya kujitegemea itakayomsaidia siku ya nne. Daktari Denis Mukwege na wenzake wa Hospitali ya Panzi wamesema haya kwa miaka mingi, kabla na baada ya Nobeli ya 2018. Kujitegemea ni lazima, na kunajengwa kwa kodi ya madini yetu inayokusanywa na kuonekana. Hakujengwi kwa kumnyang'anya mgonjwa kidonge.

Wala mkopo wenyewe si dhambi. Ukisimama usiku upande wa mashariki wa Idjwi unaona taa za Rwanda ng'ambo ya maji. Pale Karongi kuna KivuWatt, mtambo wa megawati 26 unaotumia gesi ya methani ya ziwa hilihili tunalolichangia, uliozinduliwa 2016. Ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo, ukiwemo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo huo unaonekana kwa macho, nao una hesabu. Upande wetu methani bado iko majini, na deni la taifa limeanza kupanda tena: programu ya IMF ya Januari 2025, hati fungani za ndani, mkataba wa Sicomines uliofanyiwa marekebisho 2024 hadi kufikia dola bilioni 7 za miundombinu, ambao unategemea bei ya shaba.

Tarehe 30 Oktoba 2025 mjini Paris wafadhili waliahidi zaidi ya euro bilioni 1.5 kwa ajili ya watu wa Maziwa Makuu. Makubaliano ya amani ya Washington kati ya Kongo na Rwanda, ya 27 Juni mwaka huo, nayo yanazungumzia uwekezaji na ushirikiano wa kiuchumi. Amani ikikamilika, na tunaiomba kila siku, yatakuja mazungumzo mengine ya kujenga upya, na pengine ya kusamehe tena. Yakianza, tusiyaache yaendeshwe kama yale ya 2010.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na nayaomba kwa watu maalumu. Wafadhili: kila kibao cha mradi kiandikwe kiasi, kwa dola na kwa franga, na kiasi kilichobaki mjini kwa kodi za ofisi na magari kiandikwe pia. Wizara ya Fedha: kila teritwari itajiwe fungu lake la fedha za nje, libandikwe kwenye ofisi ya teritwari, kwa mwami, kwenye kila kituo cha afya na kila shule, kwa Kiswahili ambacho watu wanakisoma. Wabunge mliochaguliwa kwa kura za Idjwi: tumieni haki yenu ya kuhoji mawaziri kwa jambo hili moja kabla ya mengine. Maparoko, wachungaji na maredio ya jamii: zisomeni tarakimu hizo baada ya misa na kwenye vipindi vya jioni. Na wewe msomaji wa Bukavu mwenye ndugu kisiwani, usingoje wafadhili wala wizara. Andika barua kwa ofisi ya mkoa, uiwasilishe kupitia mashirika ya kiraia ya Idjwi, uulize swali moja: katika fedha zilizoahidiwa kwa jina letu, fungu la Idjwi ni kiasi gani, na liko mikononi mwa nani?